Zulia la Hariri na Majivu ya Mlinzi

Watu wenye mazulia ya hariri hawayakanyagi. Hilo ndilo jambo la kwanza nililojifunza katika kazi hii, na mpaka leo linaniudhi. Mtu ananunua zulia Uturuki au Dubai, analipandisha ndege ambayo mama yake mzazi hajawahi kuipanda, analitandika sebuleni, kisha anaishi nalo kwa hofu. Watoto wanafukuzwa. Mgeni akifika na vumbi la njiani kwenye suruali, anapitishwa kando ya ukuta mpaka kwenye kochi, na huku anaambiwa karibu sana, jisikie uko nyumbani. Kwetu sijawahi kuona mtu akitembea nyumbani kwake kwa kuambaa ukuta.

Kazi yangu ni kutoa madoa kwenye mazulia hayo. Ninakaa Chamazi, pembezoni mwa Dar, nina kiwanja kilichosakafiwa kwa saruji na bomba langu, na mazulia ya watu wa kawaida ninayafulia hapo kwa brashi na sabuni ya unga, kisha tunayaanika juu ya ukuta. Ya hariri hayaji Chamazi. Wenyewe hawataki. Wanasema yataingia mchanga, yataibiwa, yatanuka moshi wa mkaa. Mimi naona hawataki tu vitu vyao vijue njia ya Chamazi. Basi ninawafuata mimi, Mikocheni na Mbezi Beach, na ndoo yangu, siki nyeupe, sabuni laini ya kuogeshea watoto wachanga na vitambaa vyeupe vilivyochakaa. Kila nikifika getini naulizwa naenda kwa nani, hata kama mlinzi ni yule yule wa wiki iliyopita.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza na ngumu kwa magoti. Hariri haisuguliwi. Unalowesha kitambaa kwa maji baridi, unakandamiza doa, unainua, unageuza upande safi, unakandamiza tena, mpaka uchafu uhamie wenyewe kwenye kitambaa. Ukisugua, nyuzi zinasimama na hazilali tena. Maji ya moto hayafai, na chochote kikali, iwe jiki, magadi au majivu, kinakula hariri na kuimwagisha rangi. Kwa hiyo asubuhi nzima uko chini umepiga magoti, na juu yako kwenye kochi kuna mtu anakusimulia jinsi wafanyakazi wa siku hizi walivyo wabaya, kana kwamba wewe umekuja kumtembelea.

Nyumba ninayoikumbuka kuliko zote iko Mbezi Beach, upande wa baharini, ingawa bahari yenyewe huioni kwa sababu ya kuta za majirani. Mwenye nyumba alikuwa mama wa makamo, mzuri wa sura, anayenukia udi tangu asubuhi, na mwenye roho ya korosho. Mumewe alikuwa mkubwa ofisini mahali fulani, mtu wa safari nyingi na simu mbili. Nyumbani kwake alikuwa bendera, na upepo alikuwa mkewe.

Niliitwa mara ya kwanza kwa ajili ya doa la uji. Nilijua nitakuta mtoto. Nikakuta bibi kizee ameketi juu ya zulia, miguu ameinyoosha mbele yake kama wanavyokaa bibi zetu kwenye mkeka, karibu kabisa na dirisha kubwa la kioo. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba, akaongeza kamwene, salamu ya kwao Njombe, na uso wake akauelekeza kidogo pembeni yangu, mahali alipodhani sauti imetokea. Mboni za macho yake zilikuwa nyeupe. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na mwanawe alikuwa amemleta Dar afanyiwe upasuaji.

Hayo niliambiwa na mkwewe, kwa sauti ya kawaida, mbele yake, kabla sijatua ndoo chini. Aliniambia huyo ndiye anayeharibu. Anamimina uji nje ya kikombe, anapapasa chai mpaka anaiangusha, amekatazwa sebule lakini haelewi. Amepewa chumba kizuri huko nyuma, amepewa kiti cha uani, amenunuliwa hata televisheni yake mwenyewe. Nilidhani nimesikia vibaya. Mtu haoni, ananunuliwa televisheni. Nikainamia doa ili uso wangu usinisaliti.

Doa la uji lilitoka bila shida. Nilipokuwa nalikandamiza, bibi aliniomba kwa upole nisogee kidogo, namziba. Nikasogea, nikamuuliza namziba nini. Akanieleza kwamba nyumba ile yote ni giza kwake, isipokuwa hapo dirishani. Asubuhi jua likipiga kile kioo anaona weupe, na mtu akipita anaona kuna kitu kimepita. Chumbani kwake kuna dirisha dogo linalotazama ukuta, na uani wamepanda miti mpaka imefunika. Hapo kwenye zulia ndipo mahali pekee anapojua kuwa kumekucha. Na kochi, alisema, linammeza, miguu yake inaning'inia na kuvimba.

Nilimweleza mkwewe jambo hilo wakati naondoka, nikidhani ni habari mpya itakayomsaidia. Akasema kama ni mwanga tu, atamwekea kiti nje karibu na jenereta, huko mwanga upo tele. Alikuwa hatanii.

Nikawa naitwa tena na tena. Mara chai, mara mafuta ya kuchua magoti, mara tena uji. Kila nikienda nilimkuta bibi pale pale, na nikawa natamani kwenda, kwa sababu alikuwa na maneno. Aliniuliza kwetu ni wapi, nikamwambia Masasi. Akanicheka kwamba tunakula panya, nikamwambia ninyi mnakula baridi. Alinisimulia shamba lake la viazi, ng'ombe wake na jirani yake aliyemroga ng'ombe huyo. Mkwewe alipita huku na huku akivuta pumzi kwa nguvu ili tujue amepita.

Ndipo nikaijua ishu yenyewe. Hospitali ilikuwa imeshampangia bibi siku ya upasuaji zaidi ya mara moja, na kila mara mwanawe aliahirisha. Alitaka awepo mwenyewe, na kila mara kulikuwa na mkutano Dodoma au safari ya nje. Mkewe alikuwa na wazo lake: bibi arudishwe Njombe akapumzike, siku ikipatikana aletwe tena. Lilisikika kama wazo la huruma. Bibi alilielewa vizuri kuliko wote. Aliniambia akipanda basi la kurudi, ndiyo basi. Wana mambo mengi wale. Watasema mwezi ujao, watasema baada ya sikukuu, na yeye atakufa na giza lake. Aliyasema hayo huku anapapasa kikombe chake, na mimi nikakisogeza mkononi mwake kabla hakijamwagika.

Siku moja nilimaliza doa la mafuta, mwenye nyumba akaniita jikoni. Aliniita mdogo wangu, jambo ambalo halijawahi kutokea, akaniambia nikae, naletewa chai. Nikajua kuna mzigo unakuja, kwa sababu mtu wa aina ile hakupi chai bure. Akasema kwenye zulia kuna doa jingine la chai, ameliacha makusudi, nisiliguse leo. Jumamosi mumewe atakuwa nyumbani. Nije siku hiyo, nilitazame mbele yake, niseme halitoki, niseme zulia linakufa na bibi akiendelea kukaa pale litakwisha kabisa. Yeye akisema, mume ataona anamchukia mama yake. Fundi akisema, yamekwisha.

"Bosi, doa la chai linatoka," nikamwambia.

"Najua linatoka. Nimekuomba useme halitoki."

Nilimtazama nikaona hata aibu hana. Kuna watu wanakuomba uwasaidie dhambi kama wanavyokuomba chumvi. Nikajibu kwamba Jumamosi nitakuja, na nitasema nitakachokiona. Akakunja ndita, akachukua simu yake, akaanza kuiperuza. Chai niliyokaribishwa haikuja.

Tulichosahau sote wawili ni kwamba bibi hakuwa kiziwi, na mlango wa jikoni ulikuwa wazi.

Yaliyofuata nilisimuliwa baadaye na mlinzi, akiwa na hofu ya kufukuzwa. Jumamosi asubuhi, kabla watu hawajaamka, bibi alitoka akipapasa ukuta mpaka getini, akamwomba majivu. Nyumba ile inapikia gesi, lakini mlinzi ana jiko lake la mkaa kwenye kibanda, ndipo anapochemshia maharage na kuchomea mahindi. Mlinzi alimpa majivu kwenye kopo bila kuuliza. Ni bibi kizee, umri wa mama yake, ameomba majivu, si dhahabu. Akamwomba na gunzi. Akapewa na gunzi.

Nani asiyejua kazi ya majivu? Bibi yangu mimi alisugua sufuria kwa majivu mpaka ukajiona uso. Nguo zilifuliwa kwa maji ya majivu kabla sabuni haijafika vijijini kwetu. Bibi alikuwa anatumia akili yake yote. Alifikiri kwamba doa likitoka kabla fundi hajafika, fundi hatakuwa na la kusema, na kama hakuna la kusema hakuna basi la Njombe. Akapiga magoti kwenye zulia la hariri, akamwaga majivu na maji, akasugua kwa gunzi kwa nguvu za mtu aliyelima maisha yake yote.

Nilipofika na ndoo yangu nilisimama mlangoni nikashindwa kuvua viatu. Karibu na dirisha palikuwa na baka la kijivu. Nyuzi zimesimama na kukatika, wekundu wa ua umemwagika kwenye weupe wa ua jingine, na katikati hariri imekuwa kavu kama mkia wa ng'ombe. Na kando yake, upana wa kiganja tu, doa la chai lilikuwa limekaa pale pale, zima, halijaguswa hata kidogo. Bibi alikuwa amesugua mahali safi.

Mwenye nyumba alikuwa amesimama juu ya uharibifu ule. Nilidhani nitamkuta analia. Ninaapa alikuwa anang'aa. Zulia lake alilowafukuzia watoto wa watu lilikuwa limeungua, na yeye uso wake ulikuwa wa mtu aliyepata jibu la maombi. Akanisogelea, akaninong'oneza kwamba sasa sihitaji kudanganya.

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira, na sikuwa na pa kuzipeleka. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia mumewe ambaye alikuwa anashuka ngazi na kikombe cha kahawa, nikamkasirikia mlinzi na jiko lake. Nilimkasirikia hata bibi. Wiki nzima nilikuwa nimejiandaa kusema ukweli mbele ya mwanamke yule, nimeupanga ulimi wangu vizuri, na sasa ukweli wangu na uongo wake vilikuwa kitu kimoja. Nikisema linatoka, nitakuwa mwongo, na kesho atanidai nilitoe. Nikisema halitoki, nimemkatia bibi tiketi.

Mume akaniuliza, huku jicho moja liko kwenye simu, kama linatoka.

Nilipiga magoti. Nilijaribu kwa kweli, maji baridi na siki kidogo kupoza yale majivu, nikakandamiza, nikainua kitambaa kikaja na rangi nyekundu. Nikasema la chai linatoka. Hili jingine halitoki, hariri imeungua. Sauti yangu mwenyewe niliichukia.

Mkewe hakungoja. Maneno alikuwa nayo tayari, akayatoa kwa utaratibu, kwa masikitiko makubwa. Hamlaumu mama, mama ni mzee. Lakini mama hapa hana raha. Kule kijijini ana shamba lake, ana wenzake, hewa safi. Jumatatu kuna basi zuri, la kiyoyozi. Siku ya hospitali ikipatikana, kwani Njombe ni Ulaya? Mume alikuwa anaitikia kwa kichwa. Ndivyo alivyokuwa, ungeweza kumwambia Jumatatu tunahamia mwezini akaitikia kwa kichwa.

Bibi alikuwa ameketi pale pale dirishani, majivu yamempanda mpaka viwiko, khanga imelowa. Alikuwa anatabasamu. Alidhani tunazungumza juu ya uharibifu mwingine, wa siku nyingine, na kwamba doa la chai likishatoka hakuna basi la kumrudisha. Akageuza uso pembeni kidogo ya mwanawe.

"Limetoka, mwanangu?"

Mkwewe alifungua mdomo, na mume akainua mkono kumzuia, mara ya kwanza namwona akimzuia kitu. Akatazama lile baka la kijivu. Akatazama doa la chai kando yake. Nikaona jinsi macho yake yalivyokwenda kutoka hapa hadi pale na kurudi, mpaka jambo likamwingia. Akatembea moja kwa moja juu ya zulia, na viatu vyake vya ngozi, akachuchumaa mbele ya mama yake, akapitisha mkono mbele ya macho yake. Bibi hakupepesa. Aliendelea kutabasamu akingoja jibu.

Nilikuwa nimemsikia mtu yule akiwaambia watu kwenye simu kwamba mama macho yake yanamsumbua kidogo. Kidogo.

"Limetoka, mama," akasema. "Limetoka lote."

"Nilijua," bibi akasema. "Majivu hayashindwi."

Mume akasimama, akatoka barazani na simu zake. Nilimsikia akiongea na mtu wa hospitali, kisha akiongea na mtu mwingine kwamba hasafiri, na mtu huyo alipobisha alimkatia simu. Wiki ile ile bibi alipelekwa hospitali.

Wapo wateja wangu niliowasimulia haya wakasema masikini, kumbe baba alikuwa mtu mzuri. Mimi simsifu. Mtu anakaa nyumba moja na mama yake, anakula naye, na anahitaji zulia liungue ndipo ajue kwamba mama haoni. Wahenga walisema tajiri na mali yake, maskini na mwanawe. Bibi alikuwa na mwanawe kweli, lakini mwana mwenyewe ilibidi akumbushwe, na aliyemkumbusha ni gunzi la mlinzi. Mlinzi, kwa taarifa yenu, hakufukuzwa. Hakuna aliyeuliza majivu yalitoka wapi. Walidhani majivu ni kitu ambacho bibi wa kijijini anatembea nacho.

Niliitwa tena baada ya wiki kadhaa. Nilishangaa, nikadhani labda nimekosea namba. Mwenye nyumba alikuwa na lile doa la chai bado, na wageni wanakuja, na hakuna fundi mwingine anayemwamini na hariri. Hakuniita mdogo wangu. Alikuwa amenunua chungu kikubwa cha maua, kirefu, chenye mmea wa majani mapana, akakiweka juu ya mahali palipoungua, dirishani kabisa. Lililojitokeza lilikuwa ukingo mdogo tu wa kijivu chini ya chungu. Nikapiga magoti nikaanza kukandamiza chai.

Bibi aliingia peke yake. Hakuna aliyemshika mkono. Alikuwa na kiraka kwenye jicho moja, lile lililopasuliwa baadaye, na lile jingine lilikuwa jeusi, safi, linanitazama mimi usoni, si pembeni. Nikampa shikamoo.

"Marahaba. Kumbe ndiyo wewe," akasema. "Kwa sauti yako nilidhani u mnene."

Nikacheka mpaka nikakaa. Mkwewe akaja kusimama kwenye mlango wa jikoni. Bibi akaniuliza lile zulia liko wapi, lile lenyewe, la hariri. Nikamwambia umesimama juu yake. Akatazama chini. Akainama, mikono kwenye magoti, akalitazama polepole kutoka upande huu hadi ule, maua mekundu, ndege wadogo wa pembeni, mpaka akafika dirishani na ukingo wa kijivu uliojitokeza chini ya chungu. Akabaki ameuangalia. Nilijua ameshaelewa kwamba mwanawe alimdanganya, na nikajiandaa kumfariji, ingawa sikujua kwa maneno gani.

Akainua kichwa, akamtazama mkwewe kwa lile jicho moja.

"Ndilo hili?"

Nikajibu mimi kwamba ndilo.

"Hili tu?" bibi akauliza.

Kisha akaketi palepale pake, akanyoosha miguu, akaniomba nimsogezee chungu, kinamziba. Nikakisogeza mpaka ukutani. Baka lote la kijivu likawa wazi pale dirishani, na jua la asubuhi limelipiga. Nilingoja kusikia amri ya kukirudisha. Haikuja, nikarudi kwenye doa langu la chai.